Kamba ya Prefe

Prefe hakupenda mtu aguse redio yake. Naanza na hilo kwa sababu siku hizi watu wa Muheto wakimsimulia wanamfanya mtakatifu, mtu aliyegawa kila alichokuwa nacho, na hiyo si kweli. Jembe lake halikuazimwa. Vitabu vyake alivifungia ndani ya sanduku la bati, na ufunguo aliuvaa shingoni pamoja na rozari. Ukienda kuomba chumvi alikuuliza kwanza ya kwako imeishaje. Na bado ni mtu huyohuyo aliyepata intaneti peke yake kilima kizima, akaigawa mafungu manne na kuwafikishia jirani mpaka ndani ya nyumba, bila mtu kumwomba.

Tulimwita Prefe kwa sababu aliongoza shule ya sekondari miaka mingi, na kwetu mtu akishaitwa hivyo haachi kuitwa hivyo, hata akizeeka nyumbani kwake na viatu vya plastiki. Mkewe naye alimwita Prefe. Mkewe tulimwita Mama Prefe.

Mimi nilikuwa jirani yao wa juu. Nyumba ya marehemu baba yangu iko mgongoni mwa kilima. Ya kwao ilikuwa chini bondeni, kati ya mikaratusi ya parokia, na mashamba yetu mawili yaliteremka sambamba kutoka kwetu hadi kwao. Nilikuwa nimerudi pale baada ya ndoa yangu kuvunjika, na begi moja na kompyuta iliyopasuka kona. Niliishi kwa kaka yangu mkubwa. Nasema kwa kaka yangu, maana nyumba na shamba vilikuwa vyake, na mimi nilikuwa mgeni aliyezaliwa humo. Chakula nilikipata kwa kuandikia watu barua na kuchapa matokeo ya wanafunzi, ndiyo maana Prefe akaniita Sekretere. Jina langu halisi sidhani kama alilikumbuka.

Intaneti ilianza kwa sababu ya miguu ya Mama Prefe. Ilikuwa imevimba, hakuweza tena kusafiri, na binti yao wa pekee aliishi Kisangani kwa mumewe. Binti akanunua sahani ya satelaiti ili mama yake awe anamwona uso. Ikafika Goma, ikapanda kwetu kwa pikipiki ikiwa imeviringishwa ndani ya godoro. Prefe aliitega uani kwake siku mbili, haikukamata kitu. Mbele kilikuwa kilima, nyuma mikaratusi, na mbingu iliyobaki katikati ingetosha kufunika meza. Siku ya tatu akapanda kwetu, akavua kofia.

“Sekretere,” akasema, “bati yenu inaona mbingu yote. Muniazime.”

Kaka hakuwepo. Alikuwa Omate, kule Walikale, akichimba dhahabu, huo ukiwa mwezi wake wa tano, na habari zake tulizipata kwa wauza mawese. Nikakubali mimi. Niseme ukweli, nilikubali haraka kwa sababu na mimi niliitaka.

Basi sahani ikakaa juu ya bati letu, betri ya sola chini ya kitanda changu, na ruta, kile kisanduku kinachogawa mtandao, juu ya meza yetu. Ikabaki kuufikisha bondeni. Kijana mmoja wa simu alimwambia ruta inatupa mtandao hewani, haina haja ya kamba, yaani waya wa mtandao. Prefe alimcheka.

“Hewa iko ya kila muntu,” akamwambia. “Kamba iko na mwenyewe.”

Hewa ya ruta ile, kwa kweli, ilikufa kabla ya kufika kwenye choo chetu. Lakini hata ingefika, nadhani angetaka kamba. Alipenda kitu anachoweza kukishika mwanzo na mwisho. Alichukua kamba ya kufungia ng'ombe, akaifunga mafundo kila baada ya mita moja, akakipima kilima kwa magoti kutoka meza yetu hadi meza yake. Aliposimama, suruali yake yote ilikuwa udongo.

“Mita makumi kenda na mbili!” akapiga kelele kutoka chini, kama mtu aliyeshinda kura. Kisha akapanda tena kunieleza. “Kamba haipite mia, Sekretere. Ikipita mia inachoka njiani, inafika mikono mitupu.”

Kuchimba mfereji alimwachia shefu wa kijiji. Jumamosi ya salongo, wakati watu wote hutoka na majembe kutengeneza barabara, Prefe alimshawishi awape nusu siku ya kufukia kamba. Mpaka wa mashamba yetu una mawe, majembe yalikuwa yanalia, kwa hiyo wakachimba hatua sita pembeni, ndani ya shamba letu, kwenye udongo laini wa maharage. Hakuna aliyeona neno. Kutoka nyumbani kwa Prefe, kwa kisanduku kingine chenye matundu, kamba moja ikaenda kwa mganga wa zahanati, ambaye tunamwita Enfirmie, na nyingine kwa mzee anayetengeneza fromaji, jibini ya kwetu. Nyumba nne, mashine nne, mtandao mmoja.

Alinifundisha kuvalisha kamba vichwa, vile vya plastiki vinavyochomekwa kwenye mashine, na katika hilo alikuwa katili. Ndani ya kamba kuna nyuzi nane, kila moja na rangi yake, na ukikosea mpangilio mashine haioni kitu. Alinitaka nizikariri kwa Kifaransa, kwa sauti, mikono nyuma.

“Blan-oranje, oranje, blan-vere, ble, blan-ble, vere, blan-maro, maro.”

“Tena.”

“Papa Prefe, nimesema mara sita.”

“Na ulisema mubaya mara mbili. Tena.”

Nilikuwa mwanamke wa miaka thelathini na moja. Vichwa nilivyovibana vibaya alivikata bila kuniuliza na kuvitupa ndani ya beseni la maji machafu ili nisivirudie. Alikuwa na pense nzuri, koleo mpya, na aliitumia kwa kubana tu. Kukata alikata kwa meno, ili pense isichakae. Mama Prefe alimgombeza: “Prefe, meno haiuzwe Goma.” Alijibu kuwa pense nayo ilikuwa imebaki moja Goma nzima, jambo ambalo halikuwa kweli, na akaendelea kuuma.

Mtandao mmoja kwa nyumba nne una taabu yake. Watoto wa mzee wa fromaji wakivuta filamu, ripoti ya Enfirmie inakaa saa nzima inazunguka. Prefe aliandika ratiba kwa chaki juu ya kila mlango: nani asubuhi, nani mchana, nani ni barua tu na nani anaruhusiwa picha. Hapo ndipo nilipomwona kama wanafunzi wake walivyomwona. Hakusikia sababu. Siku moja mzee wa fromaji, ambaye ana wajukuu, alipitiliza saa yake, na kesho yake akaletewa karatasi ya kuandika mara hamsini kwamba hatarudia. Aliiandika. Alituambia mwenyewe, akicheka hadi machozi, kuwa aliogopa.

Saa moja tu haikuwa ya mtu mwingine yeyote. Siku ya Mungu, yaani Jumapili, saa kumi ya mchana, nyumba zote zilizima ili uso wa binti usigande. Prefe alikuwa na rimu ya gari, kengele ya zamani ya shule, imening'inia kwenye boriti. Saa kumi kasoro tano aliigonga mara tatu, na kilima chote kiliisikia. Enfirmie aliacha ripoti katikati. Watoto wa fromaji walifunga filamu mahali shujaa anapochomoa bunduki. Mimi nilifunga mashine yangu na mara nyingi nikateremka kwao, kuangalia kama kamba inakamata, nilisema, lakini nilikwenda kuona.

Mama Prefe alijiandaa tangu saa tisa. Alivaa kitenge cha kanisani, akajipaka mafuta, akakaa wima mbele ya mashine kama anayengoja kupigwa picha ya kitambulisho. Binti akitokea, mama hakumuuliza afya wala mume. Swali lake la kwanza lilikuwa lilelile.

“Onesha sufuria.”

Binti alibeba mashine yake hadi jikoni Kisangani na kuinamisha juu ya moto. Mama Prefe alisogeza uso karibu kabisa. “Sombe hiyo? Umetia mafuta kidogo. Juu gani umetia mafuta kidogo? Mukosa mafuta kule?” Walikaa hivyo saa nzima, juu ya sufuria ya majani ya muhogo. Prefe alisimama nyuma ya kiti, hakusema kitu, mikono nyuma kama mwanafunzi. Yeye, mtu wa kusahihisha kila mtu. Nikikumbuka siku za furaha kilimani pale, zaidi ya nusu ni saa kumi za siku ya Mungu.

Kilichotusumbua ni majembe. Msimu wa maharage wanawake hulima kwa mstari, mkono mmoja, wimbo mmoja, na jembe halijui kamba. Mwaka ule waliikata mara tatu. Mara zote tatu Prefe alipanda na mwavuli, akapiga magoti kwenye tope, akaunganisha nyuzi nane. Wanawake hakuwaambia neno. Ugomvi wote ulikuwa juu yangu.

“Tia alama, Sekretere! Jembe ione pa kupita.”

Nilichomeka vijiti, vikaibwa kuwa kuni. Nikapanda maua, mbuzi wakayala. Ndipo nikafanya nilichofanya. Kuna mti wenye majani marefu, ambao mbuzi hawaugusi, na ukichomeka tawi lake ardhini linashika hata kiangazi. Nilikata matawi arobaini nikayachomeka juu ya kamba yote, kutoka ukuta wetu hadi chini. Prefe alipopanda jioni na kuuona mstari ule, alinikuta bado na udongo mikononi, na akafurahi sana.

“Sasa jembe itaheshimia,” akasema.

Mtu yeyote wa kwetu Masisi anayesoma hapa ameshashika kichwa. Mti ule ni mti wa mpaka. Haupandwi kwa urembo. Mtu akiuchomeka kwa mstari shambani, hata kama ni mkarimu, hata kama ni kichaa, amesema jambo moja tu: huku ni kwako, huku ni kwangu. Mimi nimekulia juu ya udongo huo, naye alikuwa na mvi juu ya udongo huo, na hatukufikiri. Sisi wawili tuliona kamba tu. Shamba hatukuliona.

Kaka alirudi miezi miwili baadaye. Alirudi kwa miguu, amekonda, anakohoa vumbi la mashimo, na mfuko mtupu. Hakuingia hata ndani. Alisimama juu ya shamba akiwa bado na begi begani, akiangalia majani yale yaliyokwisha shika, hatua sita ndani ya ardhi ya baba yetu. Omate ilikuwa imemnyima kila kitu. Shamba hili ndilo lililobaki.

“Nilitoka hapa shamba iko muzima,” akasema. “Narudi nakuta Prefe ameisha kukata.”

Nilifungua kinywa. Nataka ieleweke kwamba nilikifungua. Nikasema, “Kaka, ni juu ya kamba,” na yeye akanigeukia na kuuliza, polepole, “Nani alipanda?” Nikasema nitampa maji anawe.

Mwanamume akipanda mpaka kwa jirani, ni kesi ya majirani, inasemwa, inaisha. Lakini binti aliyerudi kutoka kwenye ndoa, akipanda mstari ndani ya shamba la baba yake, anajikatia fungu lake. Ndivyo kila mtu angesema, na kaka angekuwa na haki ya kuweka begi langu nje siku ileile. Sikuwa na pa kwenda. Hayo yote yalikuwa kweli, na nimeyarudia kichwani mara nyingi sana, na bado hayanitoshi.

Shefu alituma karatasi ya kumwita Prefe. Prefe aliisahihisha kwa kalamu nyekundu na kuirudisha. Hata siku hiyo hakuweza kujizuia. Wengine walisema ni dharau. Mimi nadhani ni mkono tu, ulikuwa umezoea.

Kesi ya shamba kwetu husikilizwa shambani, watu wamesimama. Ilikuwa asubuhi. Walikuwepo shefu, kaka, Enfirmie, mzee wa fromaji, na mimi nyuma ya kaka nikiwa nimefunga mikono ndani ya kitenge. Mama Prefe hakuweza kupanda.

“Tusikilizane,” shefu akasema. “Nani njo alipanda hii miti?”

“Hii haiko mupaka,” Prefe akasema. “Iko alama ya kamba.”

“Alama ya kamba inakuwaka na mizizi?” kaka akauliza, na watu wawili watatu wakacheka.

“Papa Prefe,” shefu akarudia, “sikuuliza iko nini. Nauliza nani.”

Prefe alinitazama. Haikuwa muda mrefu. Hivyo ndivyo mwalimu anavyomtazama mwanafunzi aliyesimamishwa akakosa jibu, kabla ya kuamua kumwacha akae. Akageukia shefu.

“Kamba iko yangu,” akasema. “Na miti iko yangu. Nilikosa. Muing'oe.”

“Na kamba itoke,” kaka akasema. “Yote.”

Ikatoka rahisi. Udongo ulikuwa laini, tuliuchagua kwa sababu hiyo. Prefe mwenyewe aliiviringisha kwenye mkono, kuanzia ukuta wetu, akirudi nyumanyuma hadi kwake, na nyumba tatu za bondeni zikazima. Mimi nilisimama pale na kinywa changu kizima, chenye meno yote.

Sahani ilibaki. Hicho ndicho ninachoona aibu kukiandika. Kaka, aliyesimama shambani akilia kwamba ameibiwa hatua sita, alisema sahani iko kwenye bati lake na haiendi popote, na jioni akakaa nayo kuangalia mipira. Prefe hakuja kuidai. Binti aliendelea kuilipia. Mtandao ule, ambao ulinunuliwa ili mama mgonjwa aone sufuria ya mwanawe, ukawa wangu peke yangu, na haukuwahi kwenda kasi namna ile. Enfirmie, ambaye hakuwa na kesi nasi, alipanda kila wiki kuleta ripoti kwenye kifaa kidogo cha kuhifadhia. Alinipa, akangoja amesimama, akashuka. Kiti hakukikalia tena.

Kwetu, mkiwa na kesi ya shamba, hukanyagi uani kwa mwenzako mpaka akuite. Kuita ni kitu chepesi. Hakutaki wazee wala mbuzi, wala si lazima awe mwenye shamba. Yeyote wa nyumba ile anashuka, anasimama mlangoni kwa mwenzake, anasema “Kuyeni”, yaani njooni, imekwisha. Mtu aliyeitwa hivyo hafukuzwi. Kaka angenuna, lakini asingeweza kumgusa. Mama Prefe angebebwa kwa tipoyi, kile kitanda cha fito tunachobebea wagonjwa, angewekwa mbele ya meza yetu saa kumi, na rimu ingegongwa kama kawaida. Nililijua hilo kila siku. Niliogopa kaka angeniuliza kwa nini ninawahurumia hivyo, na swali lingeturudisha kwenye miti. Nikajiambia nitashuka wiki ijayo. Wiki ijayo nikajiambia mvua.

Badala yake nilimwona Prefe akipita. Mtandao wa simu kwetu unakamata kwenye mgongo wa kilima cha pili tu, mwendo wa saa nzima kwa miguu ya mzee. Kila siku ya Mungu alipita nje ya ua wetu na daftari la shule kwapani. Huko juu aliongea na binti, akaandika alichosema, akashuka kumsomea mama. Siku moja mvua ilimkuta, nikamkimbilia na mwavuli wetu mpaka barabarani. Daftari alikuwa amelificha ndani ya shati. Alilifungua kuona kama limelowa, nikasoma mstari wa juu, kwa mwandiko wake wa ubao: *Leo sombe na samaki. Mafuta ya kutosha.*

“Aksanti ya mwavuli, Sekretere,” akasema. Akashuka.

Hata hapo sikushuka naye.

Mama Prefe alifariki baada ya miezi saba, katikati ya mvua. Nilikwenda kwenye kilio, ambako hakuna kungoja kuitwa, nikachota maji, nikapika maharage na wanawake wengine. Binti alifika siku mbili baada ya maziko, njia ilikuwa imekatika. Aliniita pembeni na kunishika mikono yote miwili.

“Ni weye Sekretere?” akasema. “Mama alikuwa anakusema sana.”

Nikamwambia pole. Sikuuliza alisema nini.

Prefe hakukaa Muheto muda mrefu baada ya hapo. Shule moja ya Pinga ilitaka mtu wa kuwafundisha watoto mashine, naye akafunga sanduku lake la vitabu akaenda. Mwaka uleule nilipata kazi ya kuandika ripoti katika kituo cha afya. Mwezi nilioanza kazi, mtandao wa sahani ukazimika. Niliona ni bahati tu kwamba ulizimika wakati siuhitaji tena.

Nilimfuata Pinga mwaka huu. Kaka nilimwambia nakwenda kununua mawese, na mawese nilinunua kweli, bidoni mbili, kwa sababu mimi ni mtu wa namna hiyo. Siku nzima juu ya pikipiki, tope hadi magotini. Nilimkuta uwanjani mwa shule, juu ya ngazi, akifunga kamba kwenye milingoti, juu, mbali na majembe. Alikuwa amepungua mwili, na kofia ilimzidi. Uzi alikuwa anaukata kwa meno, ambayo hayakuwa tena mengi. Aliniona na hakushangaa.

“Sekretere. Rangi.”

Nikaweka mikono nyuma. Nikazisema zote nane. Akatikisa kichwa kukubali, akashuka ngazi, akaniletea kiti.

Nilikuwa nimetayarisha maneno njia nzima. Yalitoka mawili matatu. “Papa Prefe,” nikasema, “ile siku nilinyamaza.”

“Ungesema, ungelala wapi?”

Alisema kama mtu anayeuliza saa. Nikaanza kulia, naye akaendelea kupanga nyuzi kwenye kidole.

“Na sahani?” nikauliza. “Juu gani hamukuiondosha? Ilikuwa yenu.”

“Ikitoka, weye unabakia na kazi gani? Kaka yako anakulisha?” Akabana kichwa cha kamba, akakitazama kwenye mwanga. “Enfirmie aliniambia umepata kazi. Njo nikamwambia binti aache kulipa.”

Kwa hiyo haikuwa bahati. Kisha nikauliza kitu ambacho kilinipeleka Pinga, ambacho sikuthubutu kumuuliza binti yake.

“Mama alinikasirikia?”

“Hapana.” Akafikiri. Hakuwa mtu wa kudanganya kwa kufariji. Hata katika mtihani hakuwahi kumwongezea mtu alama. “Hapana, hakukasirika. Kila siku ya Mungu, saa tisa, alivaa kitenge yake ya kanisa. Anajipaka mafuta. Anakaa mu mulango. Enfirmie alikuwa ameisha kuleta tipoyi, iko kwa ukuta, tayari. Ninamwambia, Mama, tuingie, mvua inakuya. Anasema, ‘Ngoja kwanza, Prefe. Sekretere atashuka kutuita.’”

“Kila siku ya Mungu?”

“Kila siku ya Mungu.”

Kutoka kwetu paa lao linaonekana, mlango hauonekani. Nilitaka kumwambia hivyo. Nikaona ni upuuzi, nikanyamaza, kazi ambayo naijua. Prefe alisimama, akanipa ncha ya kamba nishike, akaenda kupima hadi darasa la pili, akihesabu kwa sauti. Niliishika mpaka akaniambia niachie.

Nilirudi na mawese yangu. Siku ya Mungu iliyofuata, saa tisa, nilitoka ndani, nikapita pembeni ya shamba, kwenye mawe ya mpaka, nikateremka kwao. Kufuli lilikuwa limeota kutu, na mlangoni kiti cha Mama Prefe kilikuwa bado kipo. Nilikuwa nimeanza Baba Yetu mlangoni kwetu, kumwombea. Nilifika mlangoni kwake kabla ya kusema amina.